Jiko Lako Litauzika: Mwongozo kwa Wagunduzi wa Karagwe na Kyerwa

Sehemu ngumu umeshaimaliza: umegundua kitu ambacho hakuna aliyekutuma. Ilikuwa masika, kuni zimelowa, maharage yamegoma kuiva, moshi umetanda jikoni mpaka watoto wamekimbilia uani. Ukachukua kopo la rangi la lita 20, ukalitoboa matundu chini na juu, ukatumbukiza ndani yake kopo dogo lenye matundu yake, ukalijaza vijiti vikavu na kuwasha kwa juu badala ya chini. Moshi ukakata. Chai ikachemka kabla mgeni hajamaliza salamu, na salamu za Karagwe, ukianzia afya ya wazee mpaka uwafikie ng'ombe, si fupi. Mgeni akalitazama jiko, akakutazama wewe, akatamka maneno yaliyowapoteza wengi: "Hiki kitu ungekiuza, ungekuwa mbali."

Mwongozo huu ni wa yule aliyeambiwa hivyo akaamini.

Anza kwa kutouliza chochote. Hasa usiulize kama jiko la namna hiyo limewahi kuwapo, maana majibu yatakuharibia usingizi. Jiko linalowashwa kwa juu, kuni zikatoa gesi na gesi hiyo ikaungua karibu na sufuria, lilishughulikiwa na Mmarekani Thomas Reed tangu miaka ya 1980. Paal Wendelbo wa Norway alitengeneza la kwake bila kumtegemea Reed, akalipeleka kwa wakimbizi wa kaskazini mwa Uganda katika miaka ya 1990 kwa jina la Peko Pe. Na hapo hapo Karagwe, shirika la CHEMA pamoja na wahandisi wa kujitolea wa Ujerumani, Ingenieure ohne Grenzen, walihangaika kwa miaka na majiko ya aina hiyo na yale ya vumbi la mbao. Mtafiti Ariane Krause wa chuo kikuu cha ufundi cha Berlin akaandika tasnifu nzima juu ya majiko, vyoo na mbolea za kaya za Karagwe. Kwa maneno mengine, kopo lako la rangi lina tasnifu tayari. Hilo lisikusumbue. Wenzako walifika kwenye jiko hilo kwa vipimo, wewe umefika kwa njaa, na njaa haihitaji viza.

Ukitaka faraja zaidi, rudi nyuma kabisa. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wafua chuma wa Buhaya, karne nyingi zilizopita, walijenga tanuri ambazo hewa yake hupata moto kabla ya kufika kwenye makaa, na kwamba tanuri hizo zilitoa feleji. Hewa iliyopashwa moto mapema ndiyo hiyo hiyo inayopanda katikati ya kopo lako kubwa na kopo lako dogo. Wazee wale hawakuacha cheti. Hata Rumanyika, mfalme wa Karagwe aliyempokea mpelelezi Mwingereza Speke mwaka 1861, ambaye ufalme wake uliweka nyundo za chuma na ng'ombe wa chuma miongoni mwa alama za utawala, hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliwahi kuomba hataza.

Wewe utaomba. Nenda BRELA, wanakosajili hataza. Sheria inataka kitu chako kiwe kipya, kiwe na hatua ya uvumbuzi ambayo fundi mwingine asingeifikia kirahisi, na kiweze kutengenezwa au kutumika viwandani. Zingatia kwamba kipya maana yake ni kipya duniani, si kipya Nyaishozi. Zingatia pia kwamba kabla ya kujaza fomu umeshamwonyesha jiko jirani, shemeji, padri na mwenyekiti wa kitongoji, na siku ya gulio ulilitumia kupika chai ya bure mbele ya umati ili watu "waone wenyewe". Waliona. Fundi mmoja aliona vizuri mno, akapima kwa viganja. Tutarudi kwake.

Katika hatua hii atatokea mtu aliyesoma atakayekuletea habari za jiko la Kenya, ili kukuvunja moyo au kukutia moyo, inategemea amekunywa nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kundi la watu jijini Nairobi, Max Kinyanjui akiwa mmoja wao, lilichukua wazo la jiko la ndoo kutoka Thailand, likaliunganisha na jiko la bati la nyumbani, likapata jiko la mkaa lenye kiuno chembamba na kikombe cha udongo wa kuchoma sehemu ya juu. Hakuna aliyezuiwa kulitengeneza. Mafundi wa Shauri Moyo wakaiga, wakaigana, wakagombania wateja, bei ikaporomoka, na leo ndugu zake wa karibu wamepangwa mpaka kwenye vibanda vya Kayanga. Mwenye akili atajifunza kwamba jiko lisilokuwa na mlinzi ndilo lililoenea. Wewe jifunze kwamba lazima uajiri mlinzi.

Sasa ni utafiti wa soko. Katika wilaya zetu mbili utafiti huu unafanyika vizuri zaidi kilabuni, saa kumi jioni, penye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Waulize wanaume. Wanaume wa kilabuni wana maoni thabiti kuhusu majiko kwa sababu hawayatumii. Watalisifia bati, watauliza geji, mmoja atapanda juu yake kuona kama litabonyea. Wote watakuambia nyumbani kwao linahitajika sana. Andika majina yao kwa uangalifu, upate orodha kamili ya watu ambao hawatanunua.

Usimwulize anayepika. Ukimwuliza, atakujibu.

Ataanza na sufuria. Ndizi za watu wanane pamoja na maharage yake hazikai kwenye sufuria ya chai. Sufuria ya nyumbani ina uzito wa mtoto wa darasa la kwanza, na inapofika saa ya kuzisonga ndizi au kuzigeuza, mwanamke anasukuma mwiko kwa mikono miwili. Mafiga matatu yaliyozama ardhini yanavumilia hayo kwa sababu hayana pa kwenda. Kopo lako la rangi litainama upande mmoja, litafikiri kidogo, kisha litaanguka na chakula cha jioni.

Atahamia kwenye muda. Jiko lako linajazwa mara moja. Vijiti vikiisha kutoa gesi limekwisha, na kama chakula hakijaiva inabidi ushushe sufuria, umwage makaa, ujaze vijiti vipya, uwashe tena kwa juu. Maharage makavu ya msimu uliopita hayajui lolote kuhusu utaratibu huo. Kwenye mafiga, moto ukilegea, kuni husukumwa mbele kwa mguu huku mtoto yuko mgongoni na mikono inamenya ndizi. Jiko lako linataka vijiti vikavu vya urefu wa kidole, vilivyokatwa sawasawa. Nani atavikata? Akifika hapo ataacha kuongea, atakutazama tu, nawe utakumbuka una shughuli mahali.

Lakini kubwa kuliko yote ni moshi. Wewe uliufukuza moshi ukijua umemfanyia hisani, na kwa macho yake na kifua chake ni hisani kweli. Anaujua uchungu wa moshi kuliko wewe uliyeukimbia kwa nusu saa moja ya masika. Ila juu ya mafiga kuna uchanja. Juu ya uchanja kuna mikungu inayoivishwa kwa ajili ya rubisi, kuna mahindi ya mbegu ambayo fukusi wanayaogopa kwa sababu yamenuka moshi, kuna mtama. Juu yake kuna paa, na kama ni la nyasi, moshi ndio unaolilinda na wadudu. Pembeni ya mafiga kuna bibi anayeota moto, kwa kuwa usiku wa Juni kwenye mwinuko wa Karagwe si usiku wa Dar es Salaam. Ulidhani unashindana na mawe matatu. Kumbe umemfukuza kazi mtumishi aliyekuwa akipika, akikausha, akiivisha ndizi, akilinda mbegu na kupasha nyumba joto bila mshahara, na badala yake umemleta mtaalamu anayejua kuchemsha chai.

Ukiyasikia haya utapata kishawishi cha kulirekebisha jiko. Kipinge. Wagunduzi wa kweli humrekebisha mteja: humwandalia semina.

Tuje kwenye bei. Jumlisha bati, riveti, udongo kama umeweka, siku ya fundi, bodaboda ya kupeleka mzigo gulioni na soda ya yule anayekushikia nafasi. Ongeza faida. Utapata kiasi cha kuridhisha. Kisha kumbuka kwamba mshindani wako ni mawe matatu ambayo bei yake ni sifuri na dhamana yake ni ya maisha.

Hata kama bei ni nzuri, utakutana na suala la nani ana fedha na lini. Anayebeba kuni kichwani mara nyingi si anayepokea fedha za kahawa. Na fedha za kahawa zenyewe hazina haraka: robusta yetu huvunwa kuanzia Mei au Juni na kuendelea kwa miezi kadhaa, inaanikwa, inapelekwa chama cha msingi, na katika mwaka mzima kaya nyingi huona noti nene kwa msimu mmoja tu. Kabla ya hapo, kimbilio la wengine ni butura. Msomaji wa mbali aelewe: butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine bado ni ua, kwa mtu mwenye fedha taslimu atakayeichukua kwa bei ya kutupa ikishaiva. Serikali imeipiga vita kwa miaka mingi, viongozi wameikemea kwenye kila jukwaa linaloweza kubeba kiongozi, na bado ipo, kwa sababu ada ya shule na mgonjwa havisubiri kahawa ianikwe.

Kwa hiyo, Machi ikifika na majiko yakiwa yamejaa sebuleni, utafanya kama wote wafanyavyo: utatoa kwa mkopo. "Utanilipa kahawa ikitoka, mzee wangu." Hongera sana. Sasa wewe ni mnunuzi wa butura, tofauti ni kwamba badala ya fedha unatoa makopo. Msimu ukifika, utagundua kwamba kahawa ya mteja wako ilishaahidiwa kwa watu wengine kabla yako, au imevuka mto Kagera usiku kwenda Uganda bila kuaga. Usiifuate mpakani Murongo saa nane za usiku na daftari lako la madeni. Ukikutana na watu huko kwa saa hiyo, ujue wanaifahamu biashara kuliko mwongozo huu.

Ukishapata hasara ya kutosha, rasimisha. Biashara inayopata hasara bila leseni ni uhuni. Tambua kwanza banda lako liko wilaya gani: Kyerwa ilijitenga na Karagwe mwaka 2012, na leseni ya Kayanga haitambi Rubwera. Sajili jina la biashara, na usiliite jina la mke wako kabla hujajua biashara itaishia wapi. Chukua namba ya mlipakodi. Funga safari ya Bukoba kutafuta barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwa kuwa barua hiyo ndiyo inayomfungulia mjasiriamali mdogo mlango wa TBS, shirika la viwango. Njiani utapata muda wa kutafakari kwamba SIDO ilianzishwa mwaka 1973, TBS mwaka 1975, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kwa sheria ya mwaka 1986. Nchi hii haijawahi kupungukiwa na taasisi za kumsaidia mgunduzi, kilichopungua siku zote ni nauli. Shukuru kwamba kuna lami kutoka Bugene mpaka Kyaka. Zamani ulifika umechelewa. Siku hizi unafika mapema, ukasubiri ukiwa msafi.

Kuna hati moja naikumbuka kwa upendo. Desemba 2018 Rais Magufuli alizindua vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao ya mwaka hayazidi milioni 4. Katika historia ya uvumbuzi wa majiko Kagera, sijui hati nyingine ambayo vigezo vyake tulivitimiza kwa urahisi kiasi kile.

Usisahau msimbopau. Bidhaa bila ile mistari myeusi haina heshima, na namba za Tanzania huanza na 620. Bandika kibandiko kwenye ubavu wa jiko, mahali ambapo moto utakiunguza siku ya kwanza. Dukani Omurushaka huenda usikute mashine ya kukisoma. Utakuta daftari la madeni, na daftari hilo husoma kila kitu, hata ambavyo mteja angependa visisomwe.

Kama bado una nguvu, peleka jiko kwenye mashindano. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, yalianza mwaka 2019 na hukusanya watu wenye macho mekundu kama yako kutoka kila mkoa. Vaa suti. Mgunduzi wa kijijini anayevaa suti huonekana ameahidi jambo. Asiyevaa huonekana ametoka kupika. Utapigwa picha na mtu mkubwa akiwa ameshika kopo la rangi kama aliyekabidhiwa kombe. Picha hiyo itundike dukani. Duka utalitafuta baadaye.

Sasa nakupa siri ambayo wazoefu hawaisemi mapema: kuna njia isiyohitaji wateja kabisa, nayo ni kugeuka mradi. Mteja hulipa na kulalamika. Mnufaika hulipwa nauli na kushukuru. Ukishaonja wanufaika, hutatamani tena wateja. Utatengeneza bango, fulana na orodha ya mahudhurio yenye safu ya saini. Utamwita mtu kutoka wilayani aje afungue, na mwingine aje afunge. Katikati yao jiko litawashwa mara moja, likiwa limeshajazwa vijiti vikavu vilivyokatwa jana yake na vijana wa posho. Majiko yatagawiwa bure. Mwaka utapita. Ukitembelea kaya zile utayakuta yanatumika, lazima tuwe waadilifu kwenye ripoti: kuku wanaatamia ndani yake, moja limepandwa ua, jingine ndilo kopo la kupimia maharage. Na yule jirani aliyekuwa ameshaanza kuweka fedha kidogo kidogo ili anunue? Ameacha. Si mjinga. Anasubiri mradi ujao, na fundi wa pale kijijini, ambaye angemwuzia na kumrekebishia, amerudi kutengeneza mifereji ya maji ya mvua. Hapo sitanii hata kidogo.

Ukiwa katika hali hiyo, utamsikia mshindani mpya akija na msafara. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Lengo ni zuri, na misitu yetu inalihitaji. Kwa mgunduzi wa kopo, hata hivyo, maana yake ni mitungi ya gesi ya kilo 6 inayogawiwa mikutanoni, mingine ikiwa na sura ya mheshimiwa aliyeitoa. Huwezi kushindana na mtungi wenye sura. Mtungi hauombi vijiti vya urefu wa kidole, hauangushi sufuria ya chai, na wageni wakija unawekwa sebuleni. Subiri gesi iishe. Kwenda kuujaza ni bodaboda na fedha taslimu, na fedha taslimu, kama tulivyoona, iko bado mtini ikiwa ua. Mtungi utapumzika juu ya kabati kwa heshima zote, na mafiga yataendelea na kazi bila kinyongo.

Wakati huo wote, hatua chache kutoka kwenye banda lako, kuna uvumbuzi wa nyumbani unaouzika kila siku ya Mungu bila semina, bango wala barua ya utambulisho. Ndizi zinaivishwa, zinamenywa, zinatiwa kwenye mtumbwi wa mti uliochongwa pamoja na nyasi, wanaume wanazikanyaga kwa miguu mpaka juisi inatoka, inachujwa, inachanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, inafunikwa. Kesho yake ni rubisi. Ina wateja, ina wauzaji, ina bei inayojulikana na kila mtu, ina viwango vya ubora ambavyo vinasimamiwa papo hapo na wanywaji wenyewe kwa sauti kubwa. Haina hataza. Kila nyumba ina siri yake ya mtama, na siri hiyo inalindwa kwa njia ya kale ya kutomwambia mtu.

Tafakari tofauti. Mteja wa rubisi anaimaliza bidhaa, anasimama kwa shida, kesho anarudi. Mteja wa jiko lako, kama jiko ni zuri, haonekani tena kwa miaka mitatu. Kadiri unavyokuwa fundi hodari ndivyo unavyokimbiza wateja. Wengine hutatua tatizo hili kwa kutumia bati jembamba.

Tazama pia jinsi dola inavyolitambua soko la kweli. Ng'ambo ya mto, Uganda ilitunga sheria mwaka 1965 kuhusu enguli, pombe kali ya nyumbani: atakayetaka kuipika awe na leseni, na awauzie wenye kiwanda kilichoidhinishwa, ikasafishwa huko, ikatiwa chupani, ikatoka ikiitwa Uganda Waragi. Mwaka mmoja baadaye, 1966, Tanzania ikawa na sheria yake ya kutengeneza na kukeneka moshi, si ule wa jikoni bali pombe kali ya nyumbani. Huko Arusha, tangu miaka ya 1990, Banana Investments wameitia ndizi chupani kama mvinyo wenye lebo, na wala hatukuwasikia wakiitisha semina ya kuwafundisha watu faida za kunywa. Kitu cha nyumbani kinachouzika kweli hupata sheria kabla ya kupata kiwanda. Majiko ya kopo la rangi hayana sheria inayoyakataza. Hakuna mgambo aliyewahi kuvamia nyumba usiku akitafuta jiko lako. Ikikutokea, nipigie, tutakuwa tumefaulu.

Ukinibana nikuambie jambo moja la kufaa, nitakuambia hivi, na kwa kuwa ni mwongozo wa kejeli una haki ya kutoniamini: uza kinachoungua. Kwenye mashine za mbao kuna vilima vya vumbi na maranda. Kwenye viwanda vya kukoboa kahawa kuna maganda. Mtu anayeweza kuvikausha vitu hivyo, kuvishindilia vikawa vipande vya saizi moja na kuviuza kwa fungu la bei ya chumvi, atamwona mteja wake kila wiki na atakuwa amejibu lile swali la nani atakata vijiti. Jiko anaweza hata kulitoa kwa bei ya bati. Makaa yanayobaki chini, kama Krause na wenzake walivyoonyesha Karagwe, yanafaa kuchanganywa kwenye mboji na kurudishwa shambani. Lakini hakuna anayepigwa picha na mheshimiwa akiwa ameshika fungu la vumbi la mbao, kwa hiyo tuendelee.

Hatua ya mwisho haihitaji juhudi yoyote kutoka kwako. Siku moja utapita Omurushaka ukielekea kwenye shughuli nyingine, na pembeni ya barabara utamkuta yule fundi wa gulio, aliyepima kwa viganja. Amepanga majiko yako. Si yako hasa. Kopo la ndani ameliondoa kwa sababu lilikuwa linamla bati. Ubavuni amekata mlango ili kuni ndefu zisukumwe kwa mguu. Juu ameweka vyuma vitatu vinene vya nondo ili sufuria ya ndizi ikae, na chini miguu mipana. Gesi hakuna, hewa iliyopashwa moto hakuna, moshi umerudi, pengine nusu ya ule wa zamani, unatosha mikungu ya uchanjani. Kitaalamu ni aibu tupu. Wanawake watatu wamesimama wanayageuzageuza, mmoja ameshaanza kufungua kanga.

Usimtajie hataza. Panga foleni. Zamu yako ikifika, uliza bei kwa sauti ya mtu anayepita tu. Atasema elfu kumi na tano. Mwambie majiko haya unayafahamu tangu hayajazaliwa; atacheka, atashuka mpaka elfu kumi na mbili. Ukimpa fedha mkononi, si ahadi ya kahawa, atakuachia kwa kumi. Chukua lile lenye mlango mpana.